Stima, Ardhi na Haki za Watu wa Upande wa Bara



Katika mkutano mkuu uliopita, hesabu za chama zilipokwisha kusomwa na kukubaliwa, mzee wetu mmoja wa Kisauni aliomba nafasi ya kusema. Neno lake halikuwamo katika orodha ya mambo ya siku ile. Alisema, "Nguzo ya stima imesimama uani kwangu kwa miaka mingi. Waya zake zapita juu ya paa langu kwenda kwenye nyumba za mawe kule mbele. Mimi usiku nawasha koroboi. Nauliza, nguzo ile imesimama kwa idhini ya nani?"

Vijana kadhaa walicheka. Bwana Mwenyekiti hakucheka. Alisema kuwa swali la mzee lastahili jibu la maandishi, akaniagiza mimi karani wenu nitafute habari na kuziandika katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka. Nami nimefanya hivyo kadiri ya uwezo wangu.

Nimeona ya kwamba swali lile halijibiki kwa habari za leo peke yake. Latupeleka nyuma hata miaka ya 1907 na 1908, ambapo mambo matatu yalitukia hapa pwani kwa kufuatana: utumwa ulifutwa na sheria, ardhi ikatungiwa sheria ya hati, na stima ikaletwa Mombasa. Kwa kawaida mambo hayo husimuliwa mbalimbali, kana kwamba moja halimjui mwenziwe. Nia yangu ni kuyaweka pamoja, kwa maana naamini kuwa haki ya mtu mbele ya nguzo ya stima ilianza kupatikana, au kupotea, katika miaka ile miwili.

Mwanzo wa nuru

Historia ya kampuni ya umeme, kama kampuni yenyewe inavyoisimulia, huanza Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Yasemekana kuwa mnamo mwaka 1875 Sultani alijipatia mtambo wa kuangazia jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliununua mtambo huo, ukavushwa bahari na kukabidhiwa kampuni ya kuuza nguvu na mwanga katika mji wa Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa peke yake haki ya kuuza umeme mjini Nairobi. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting Company, na mwaka 1983 jina likageuzwa kuwa Kenya Power and Lighting Company.

Basi nuru ya kwanza ya stima katika nchi hii ilikuwa nuru ya jumba la mfalme, kisha ikawa bidhaa ya mfanyabiashara. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Kila kitu kina mwanzo wake. Lakini yafaa tukumbuke, kwa sababu desturi ya mwanzo hukaa muda mrefu: waya hupelekwa kwanza palipo na mwenye nguvu, halafu palipo na mwenye fedha, na mwisho kabisa kwa yule ambaye uani kwake ndipo palipochimbwa shimo la nguzo.

Tena tukumbuke jambo la pili la mwaka ule wa 1875. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1873, Seyyid Barghash alikuwa ametia sahihi mapatano na Waingereza ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Aliyetumwa kuzungumza naye habari hiyo alikuwa Sir Bartle Frere. Watu waliookolewa majahazini walihitaji mahali pa kukaa, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS waliwaanzishia kijiji huku kwetu Kisauni, kikaitwa Freretown kwa jina la bwana yule. Kengele yake twaijua sote. Hivyo wakati jumba la Unguja lilipokuwa likiangazwa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa watu waliotoka katika minyororo walikuwa wakijenga vibanda na kuanza maisha mapya.

Mambo matatu ya 1907 na 1908

Mwaka 1907 Serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria ya kuondoa hali ya utumwa katika ukanda huu wa pwani, ambao ulikuwa bado ni milki ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza. Tangu hapo hakuna mahakama iliyoweza kumrudisha mtu kwa bwana wake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na mtu asilidharau. Lakini sheria ile ilikuwa na fungu la fidia, na waliolipwa ni mabwana, kwa kupotelewa na watumwa wao. Mtumwa mwenyewe, aliyekuwa ametoa jasho lake shambani miaka yote, hakulipwa kitu wala hakupewa ardhi. Aliambiwa kuwa yu huru, akabaki amesimama juu ya shamba la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi katika pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa kuleta madai yake mbele ya ofisa wa kuandikisha hati, na kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Aliyekuwa na maandishi, au aliyeweza kumlipa wakili, alisikizwa na kupewa hati. Lakini wengi wa Wamijikenda walikuwa na ardhi kwa desturi ya ukoo na mji, ambayo haikuandikwa popote. Waliokuwa watumwa nao hawakuwa na chochote cha kuonyesha. Hivyo mashamba mengi ya Kisauni, Likoni na Changamwe yakawa na mwenye hati upande mmoja na mwenye kulima upande wa pili, na watu hao wawili huenda hawakuonana maisha yao yote.

Katika mwaka huo wa 1908 ndipo mtambo wa stima uliposhushwa Mombasa.

Nawaomba wazee wapime maneno haya. Sheria ya kwanza ilifundisha kuwa fidia ni ya mwenye maandishi. Ya pili ilifundisha kuwa ardhi ni ya mwenye maandishi. Stima ilipokuja, ikahitaji ardhi ya kusimamishia nguzo na wateja wa kuuziwa umeme, iliyakuta mafundisho hayo mawili yamekwisha kukaa imara. Kampuni haikuyatunga, bali iliyarithi. Na mrithi wa jambo, kama tunavyojua katika dini zetu na desturi zetu, hurithi mali pamoja na madeni.

Nyumba bila ardhi

Wageni wanaokuja Mombasa hustaajabu kusikia kuwa mtu aweza kumiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kwetu hilo si ajabu. Mtu hulipa kodi ya kiwanja, hujenga nyumba yake ya miti na udongo, au ya matofali akijaliwa, hupangisha vyumba, hulea wana na wajukuu, na kila siku aweza kuambiwa aondoke. Vilevile kwetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ulipoota ikawa na mwenyewe mwingine. Ndiyo sababu wenye mashamba wengi walimkataza skwota kupanda miti ya kudumu kama minazi na mikorosho, wakamwachia mahindi na mihogo tu. Walijua kuwa mti ni shahidi, na shahidi huyo haondoki kwa amri.

Hapo ndipo jibu la swali la mzee wetu linapoanza kuonekana. Ili nguzo isimamishwe katika ardhi ya mtu, idhini ya mwenye ardhi hutakiwa. Mwenye ardhi mbele ya sheria ni mwenye hati. Mzee wetu amekaa pale tangu ujana wake, lakini jina lake halimo katika hati. Nguzo ile ya uani kwake, basi, ilisimama kwa idhini ya mtu ambaye mzee hajapata kumwona. Na mzee alipotaka kuingiziwa stima nyumbani, idhini ya mtu huyo huyo ilihitajiwa tena. Mara ya kwanza ilipatikana, mara ya pili haikupatikana. Hilo ndilo jibu, nami sikufurahi kuliandika.

Jinsi watu walivyojifunza kudai

Haki katika mji huu hazikuletwa na upepo wa kusi. Mwezi wa Julai 1939 vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waligoma, na mgomo ukaenea katika kazi nyingine hata ukafika bandarini. Moja ya malalamiko makubwa lilikuwa nyumba: mishahara haikutosha kulipa kodi ya chumba. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Bwana Willan, na yaliyokuwa yakinong'onwa vyumbani yakaandikwa katika karatasi ya Serikali.

Tarehe 13 Januari 1947 ulitokea mgomo mkubwa zaidi. Watu zaidi ya 15,000 waliacha kazi muda wa siku 12: wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Chama cha African Workers' Federation kilizaliwa katika siku hizo, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake mashuhuri, hata alipokamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule na kupelekwa mbali na watu wake. Lakini baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker lilikuwa limekwisha kuundwa, na mishahara ikaongezwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulitangaza huko Paris Tangazo la Haki za Binadamu kwa watu wote. Tangazo hilo halitaji stima. Lataja nyumba, matibabu, kazi yenye malipo ya haki, na kwamba mtu asinyang'anywe mali yake ovyo. Lakini katika dunia ya leo, mtoto atasomaje usiku, zahanati itahifadhije dawa za chanjo, na fundi atawezaje kuchomelea vyuma, pasipo umeme? Jambo lililokuwa anasa ya jumba la Sultani limekuwa mlango wa kupitia haki nyingine nyingi.

Waya zapita juu

Katika miaka hiyo kazi ya umeme yenyewe iligeuka. Zamani kila mji ulikuwa na mtambo wake. Halafu wahandisi walianza kuuzalisha mbali, penye maporomoko ya maji, na kuusafirisha kwa waya. Umeme unaosafiri mbali hupandishwa nguvu sana, kwa sababu ukiwa na msukumo mdogo mwingi hupotea njiani kwa joto. Ukifika karibu na watu hushushwa, kwanza katika vituo vikubwa, kisha katika transfoma tunazoziona nguzoni. Kwa hiyo waya kubwa haiwezi kumpa stima mtu aliye chini yake. Yapita juu ya kichwa chake kama ndege ya abiria, yasikika ikivuma, wala haitui.

Mwaka 1954 maporomoko ya Owen Falls yalifunguliwa kule Jinja, Uganda, na kampuni ikaundwa nchini Kenya ili kujenga laini kutoka Tororo hata Nairobi. Baada ya uhuru ulikuja wakati wa Mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kutoka Kiambere laini ya kilovolti 220 ilivutwa hata Rabai, hapa nyuma yetu. Mwaka 2017 ilikamilika laini nyingine kubwa kati ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita 482, iliyojengwa na shirika la Serikali la KETRACO kwa kiwango cha kilovolti 400. Laini ya namna hiyo hutaka ukanda wa mita 60 usio na nyumba wala miti mirefu. Kazi yake ilichelewa, na mojawapo ya sababu ilikuwa mabishano juu ya fidia ya watu walio katika ukanda huo.

Nasi wa Changamwe tuna jambo letu la pekee. Mvua zikikosekana Tana hupungua, na nchi hutafuta umeme wa mafuta. Ndipo Kipevu huamka. Mtambo wa Kipevu wa mwaka 1999 ulikuwa wa megawati 75 hivi. Wa pili, wa kampuni ya Tsavo Power, ulianza mwaka 2001 ukiwa na megawati 74, na mkataba wake ulikwisha mwaka 2021. Wa tatu ulikuja mwaka 2011 na megawati 120. Pale Rabai ulijengwa mwingine wa megawati 90 mwaka 2009. Yote hiyo ni mitambo ya mafuta mazito. Moshi wake na mngurumo wake ni wa jirani, lakini umeme wake huingia katika waya za nchi nzima. Hatuukatai mchango huo kwa taifa. Twasema tu kuwa anayepokea moshi asiwe wa mwisho kupokea mwanga.

Kisa cha minazi sita

Nitaeleza kisa kimoja, bila kutaja mradi wala jina la mtu. Mama mmoja, mwanachama wetu wa upande wa Changamwe, alikuwa na minazi sita na mwembe mmoja. Wapimaji walikuja, wakatia alama za rangi, wakaondoka. Baada ya muda walikuja wakataji. Mama alipouliza malipo ya miti yake, aliulizwa hati ya shamba. Hakuwa nayo. Akaambiwa kuwa mwenye hati ndiye atakayelipwa.

Alikuja ofisini kwetu, nami kwa kweli sikujua la kumwambia. Aliyejua alikuwa mweka hazina wetu wa zamani, mzee mwenye kumbukumbu kama kitabu. Alisema tutazame daftari la michango ya mazishi. Tulifungua sanduku, tukatoa madaftari yaliyoliwa na mchwa pembezoni, na humo tulimkuta mama yule mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, jina lake na mahali anapokaa: "penye minazi sita, karibu na kisima". Karani mmoja aliyekwisha kufariki alikuwa ameandika hivyo kwa wino, bila kujua kuwa anaandika ushahidi. Tulipeleka daftari lile pamoja na mzee wa mtaa na majirani wawili. Mashauri yalichukua miezi mingi, lakini mwishowe mama alilipwa thamani ya miti yake. Ya ardhi hakulipwa.

Nimekitia kisa hiki hapa kwa kuwa Katiba ya 2010 imefungua mlango ambao sheria za 1907 na 1908 ziliufunga. Kifungu cha 40 chasema kuwa ardhi ya mtu ikichukuliwa kwa manufaa ya umma sharti alipwe fidia ya haki. Kisha chaongeza kuwa fidia yaweza kuwekwa pia kwa watu wanaokaa katika ardhi hiyo kwa nia njema, hata kama hawana hati. Benki ya Dunia nayo, ambayo hukopesha fedha za miradi mingi ya umeme, katika kanuni zake hutaka mtu asiye na hati naye afikiriwe kwa nyumba yake na mali zake. Lakini mlango uliofunguliwa hauingii mtu kwa niaba yake. Ni lazima athibitishe kuwa alikuwapo.

Wajibu wa kampuni

Yawezekana mtu akasema kuwa haki za binadamu ni mambo ya Serikali, na kwamba kampuni kazi yake ni kuuza. Fikira hiyo imepitwa na wakati. Mwezi wa Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliridhia kanuni 31 zilizotayarishwa na Profesa John Ruggie. Kiini chake ni mambo matatu: Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu, kampuni ina wajibu wa kutowadhulumu, na aliyedhulumiwa apate njia ya kutengenezewa. Kenya ilitoa mpango wake wa taifa juu ya jambo hilo mwaka 2019, na ardhi ni mojawapo ya mambo yaliyotangulizwa humo.

Katiba yetu yenyewe yasema kuwa sheria ya haki yamfunga kila mtu, na katika maana ya neno "mtu" yaingiza na kampuni. Kifungu cha 46 chamlinda mnunuzi wa bidhaa na huduma. Kifungu cha 47 chasema kuwa anayeathiriwa na uamuzi wa wakuu ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi mwanachama akinyimwa stima, au akikataliwa fidia, asiridhike na neno la mdomo dirishani. Aombe barua. Tena kampuni ya umeme si duka la mtu binafsi, maana Serikali inashika zaidi ya nusu ya hisa zake.

Tunayo mifano ya pwani inayotutia moyo. Watu wa Lamu walipinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na hapa jirani, Owino Uhuru, watu walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakiongozwa na Bibi Phyllis Omido walikwenda mahakamani, na tarehe 16 Julai 2020 waliamuriwa kulipwa shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa katika rufaa, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliwarudishia fidia yao. Kiwanda kile hakikuwa cha umeme. Lakini somo ni moja: jirani wa kiwanda ni mtu mbele ya sheria, awe na hati ama asiwe nayo.

Haki nayo yataka tuyataje mema. Mpango wa kupeleka umeme mashambani ulianza mwaka 1973. Mwaka 2015, katika mpango wa kuwafikia walio karibu na transfoma, gharama ya kuingiziwa stima iliteremshwa kutoka shilingi 35,000 hata 15,000, na mtu aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Katika mitaa ya wanyonge ya miji kadhaa, kwa msaada wa Benki ya Dunia, watu waliunganishwa kwa shilingi 1,160. Na Likoni, katika shamba la Waitiki la ekari 930, maskwota walianza kupewa hati mwezi wa Januari 2016 baada ya Serikali kulinunua. Mambo haya yaonyesha kuwa giza letu si majaaliwa. Panapokuwa na nia, njia ya waya hupatikana.

Wajibu wetu

Wazee wetu walitufundisha kuwa mwenye kudai haki sharti mikono yake iwe safi. Wako miongoni mwetu wanaonunua stima kwa watu wanaoiba waya usiku. Bei yake ni ndogo, lakini moto wake hauna bei: nyumba zetu zimebanana, na cheche moja huweza kuteketeza mtaa. Wako wanaofyonza mafuta ya transfoma na kuyauza, na kesho yake hospitali na misikiti na makanisa yote ni giza. Wako wanaojenga chini ya waya kubwa baada ya kuonywa. Twawezaje kuiambia kampuni iheshimu maisha yetu, iwapo sisi wenyewe hatuyaheshimu?

Jambo la mwisho ndilo nililokusudia tangu mwanzo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1908 babu zetu walikuwa na mali, lakini hawakuwa na daftari. Sisi hatuna udhuru kama wao, maana tumesoma. Kwa hiyo, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti na halmashauri, naomba mkutano ujao uamue kuwa chama kifungue daftari la makazi kwa Likoni, Kisauni na Changamwe. Humo kila mwanachama aandikwe jina lake, mahali pa nyumba yake, mwaka aliokaa pale, miti aliyoipanda, makaburi ya wazee wake yaliyo karibu, na majirani wawili wa kumshuhudia. Liandikwe nakala mbili, moja ikae kisiwani na moja upande wa bara, ili moto ama mchwa wasiweze kuzila zote.

Mzee wetu wa Kisauni atakuwa wa kwanza kuandikwa, akipenda. Nitakwenda kwake mwenyewe na kalamu. Na mahali pa kuandika alama ya nyumba yake nitaandika hivi: "penye nguzo ya stima, uani". Nguzo ile iliyosimamishwa bila yeye kuulizwa, nayo iwe shahidi kwamba alikuwapo.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama